Maswali ya Wasomaji: Kiatu cha Shule Kikunjike Wapi?

Kila inapokaribia Januari, barua za safu hii huwa za sare, madaftari na ada. Safari hii nyingi zimekuja na jambo moja, nalo ni viatu vya shule vya watoto wadogo. Tumechagua tano, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya wengine wengi.

Ndugu Mshauri, mwanangu wa kiume ana miaka sita na Januari anaingia darasa la kwanza. Mwaka wote wa darasa la awali amevaa viatu vyeusi vya kamba nilivyomnunulia namba mbili zaidi ya mguu wake ili akulie ndani, na mbele nilitia pamba. Amekuwa akijikwaa, visigino vina malengelenge yasiyopona, na mwalimu wake ananiambia kwamba akishakaa tu kwenye dawati anavivua. Soli ni ngumu kama ubao. Nitafute kiatu cha namna gani, na nitakitambuaje dukani ilhali vyote vinafanana?
*Mama wa mtoto mmoja, Morogoro*

Mama wa Morogoro, mtoto wa miaka sita hana maneno ya kueleza kwamba soli haikunjiki, kwa hiyo amelieleza jambo hilo kwa njia aliyonayo, yaani kuvua. Nianze na yale malengelenge, kwa sababu wazazi wengi wakiyaona hudhani kiatu ni kidogo, wakanunua kikubwa zaidi, na tatizo likazidi. Mtazame mwanao akitembea peku sebuleni: kila anapotaka kuinua mguu, kisigino hutangulia kupanda huku vidole vikiwa bado chini, na wayo hukunjika pale vidole vinapoanzia. Sasa mvishe kiatu ambacho soli yake ni ubao. Kisigino cha mguu kinapanda, kisigino cha kiatu kinabaki chini, na ngozi inasuguliwa na ukingo wa nyuma, hatua baada ya hatua, kuanzia nyumbani hadi shuleni na kurudi. Kiatu kikiwa kikubwa pia, mguu huteleza mbele na nyuma ndani yake na msuguano huongezeka. Kujikwaa nako kunatoka hapohapo, kwani ncha ya kiatu imetangulia mbali mbele ya vidole na haikunjiki, hivyo mtoto analazimika kuinua goti kama anayevuka matope, na siku akichoka au akisahau, ncha inagonga chini.

Kwa hiyo jaribio la kwanza dukani ni la mikono yako mwenyewe, kabla hata ya kuuliza bei. Shika kisigino cha kiatu kwa mkono mmoja na ncha kwa mkono wa pili, kisha isukume ncha kuelekea juu. Kiatu kinachofaa hukunjika bila wewe kukaza meno, na hukunjika katika theluthi yake ya mbele, mahali ambapo vidole vya mtoto vitaanzia. Kikikataa, kirudishe. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa wayo, kirudishe vilevile, maana mguu wa binadamu haukunjiki hapo na kiatu hicho ni laini mahali pasipohitajiwa ulaini. Wako wauzaji wanaokizungusha kiatu kizima kama chapati ili kukuonyesha kwamba ni chepesi, na mteja akavutiwa. Mimi sioni sifa katika hilo. Ukishamaliza kukunja, bonyeza kwa kidole gumba ukuta wa nyuma unaozunguka kisigino, kwa sababu sehemu hiyo inatakiwa iwe imara, isilale kama karatasi, ili imshike mtoto kisigino kisiyumbe.

Soli ya mpira laini au ya sponji iliyoshikamana vizuri hukidhi sharti hili mara nyingi kuliko soli ya plastiki ngumu inayong'aa. Ngozi halisi ina faida ya kulegea na kulifuata umbo la mguu kadiri inavyovaliwa, lakini ngozi bandia yenye soli laini ni bora kwa mtoto wako kuliko ngozi halisi iliyoshonewa soli ya ubao, na usikubali mtu akutishe kwa neno «leza» peke yake. Kisigino cha kiatu kiwe cha chini, soli isiwe nene kupita kiasi, na kiatu chenyewe kiwe chepesi, kwani mtoto anayekibeba ana miguu myembamba na safari ya shule ni ileile ya mtu mzima.

Sasa namba. Iache kwanza namba, uanze na mguu. Mpime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na ampimaye ahakikishe mtoto amesimama wima juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, uzito ukiwa kwenye miguu yote miwili, kwa kuwa mguu uliobeba mwili huwa mrefu na mpana kuliko mguu unaoning'inia kitini. Tia alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watoto ni cha pili wala si gumba. Pima miguu yote miwili, maana ni nadra kulingana sawasawa, na uchukue kipimo cha ule mrefu.

Tuseme umepata sentimita 17.2. Ongeza sentimita 1.2 za kuchezesha vidole na kukua, na unapata 18.4. Namba za Ulaya, zile za 26, 27, 28 zilizopigwa chini ya viatu vingi vinavyouzwa kwetu, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, hivyo ukizidisha urefu huo kwa 1.5 unapata namba yenyewe: 18.4 mara 1.5 ni 27.6, basi utaomba 28. Namba za Kiingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5, na zile za watoto huishia 13 kisha zikaanza tena moja kwa wakubwa. Namba 28 ya Ulaya inakaribiana na 10 ya watoto ya Kiingereza. Hata hivyo viwanda havifuati vipimo kwa uaminifu uleule, na nimewahi kushika viatu viwili vya 28 vilivyopishana kwa upana wa kidole. Ndiyo maana nakushauri ukate kadibodi yenye upana wa mguu wake na urefu wa zile sentimita 18.4, uende nayo sokoni na kuitia ndani ya kiatu. Kadibodi ikijikunja, kiatu ni kifupi, vyovyote iwavyo namba yake. Kadibodi hiyohiyo inamfaa shangazi aliye Dar es Salaam anayetaka kumletea mtoto viatu bila kumwona.

Ukiwa na mtoto dukani, usitegemee sana ule ubonyezaji wa ncha tuliourithi kwa mama zetu. Mtoto akibonyezwa hukunja vidole, nawe ukadhani nafasi ipo. Kama soli ya ndani inatoka, itoe, mwambie asimame juu yake, na utaona kwa macho yako ni nafasi kiasi gani imebaki mbele na kama vidole vinamwagika pembeni. Upana una uzito sawa na urefu. Viatu vingi vya shule vya wasichana, na siku hizi hata vya wavulana, vimechongoka mbele kama vya afisa wa benki, lakini vidole vya mtoto vimetanuka kama feni, na kiatu kinatakiwa kifuate umbo hilo. Kisha mwache atembee dukani kwa dakika kadhaa, apande na kushuka ngazi kama ipo, huku wewe ukitazama kisigino. Kisitoke.

Nije kwenye ile hesabu ya «akulie ndani», ambayo sitaicheka kwa sababu najua inatoka mfukoni. Namba mbili ni sentimita 1.3, na ukijumlisha na nafasi ya kawaida, mwanao alianza mwaka akiwa na sentimita mbili na nusu za hewa mbele ya vidole vyake. Mguu wa mtoto wa umri huu hukua kwa takriban milimita moja kwa mwezi, kwa hiyo hata Desemba ulikuwa bado haujaifikia ile pamba. Wakati huo wote kiatu kilikuwa kinalazimishwa kukunjika mahali pasipo pake, ncha inakwaruzwa na mawe, na ngozi inapasuka kwenye mikunjo ya uongo. Kiatu cha kukulia mara nyingi hufa kabla mguu haujakifikia. Nunua chenye ile nafasi ya sentimita 1.2, kisha upime tena likizo ya Juni. Ukikuta imebaki chini ya nusu sentimita, anza kutafuta vingine, na kama bado ipo, vaeni hadi mwisho wa mwaka.

Marehemu babu yangu alikuwa fundi viatu Tanga, na mtoto alipoletwa kupimwa alikuwa akimchorea miguu yote miwili kwenye karatasi ya saruji, kisha akamwambia mama mtu atazame. Wengi walikuwa wakistaajabu, kwa kuwa hawakuwahi kuuona mguu wa mtoto wao kwa umbo lake. Ukipata dakika kumi jioni hii, fanya hivyo kabla ya kwenda dukani.

Ndugu Mshauri, binti yangu wa miaka mitano ana nyayo bapa kabisa, na akikanyaga sakafu na miguu yenye maji hubaki alama ya wayo mzima. Muuzaji mmoja amenishauri nimnunulie viatu vigumu vyenye kigongo ndani cha kuinua wayo, na bei yake ni mara tatu ya vile vya kawaida. Anasema pia kwamba kutembea peku nyumbani kwa bibi yake ndiko kulikoharibu miguu. Je, ni kweli?
*Baba wa watoto watatu, Moshi*

Baba wa Moshi, katika shauri hili bibi yuko mbele ya muuzaji. Mguu wa mtu mzima una mifupa 26, lakini mtoto huzaliwa sehemu kubwa ya mifupa hiyo ikiwa bado ni gegedu laini, na chini ya wayo wake mna mto wa mafuta unaoficha upinde. Upinde huo hujitokeza polepole katika miaka kumi ya kwanza ya maisha. Alama ya wayo mzima kwenye sakafu, kwa mtoto wa miaka mitano asiyelalamika maumivu, ni jambo la kawaida.

Mwaka 1992 madaktari wawili nchini India walichapisha matokeo ya kuchunguza alama za nyayo za watoto 2,300 wenye umri wa miaka 4 hadi 13. Miongoni mwa waliovaa viatu, wenye nyayo bapa walikuwa asilimia 8.6, na miongoni mwa waliokuwa wakitembea peku walikuwa asilimia 2.8. Uchunguzi wa namna hiyo hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba kiatu ndicho kilichosababisha tofauti, lakini unatosha kumwondolea bibi lawama. Kuhusu vile viatu vya bei mara tatu, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989 uliwafuatilia watoto wadogo wenye nyayo bapa zinazonyumbuka kwa miaka mitatu, wengine wakivaa viatu maalumu au vigongo vya ndani na wengine wakiachwa hivihivi, na mwishoni upinde wa miguu ulikuwa umeboreka kwa makundi yote bila tofauti ya maana. Fedha hizo zina kazi nyingine nyumbani kwako.

Mwambie binti asimame kwa ncha za vidole. Ukimtazama kwa nyuma na ubavuni ukaona upinde unajitokeza, nyayo zake zinanyumbuka na hakuna la kutibu, na anachohitaji ni kiatu chepesi kinachokunjika kama nilivyomweleza mama wa Morogoro, ili misuli midogo ya wayo iendelee kufanya kazi yake. Upinde usipojitokeza kabisa, au mguu mmoja ukiwa tofauti na mwenzake, au mtoto akiwa analalamika maumivu, anachechemea au anakataa michezo aliyokuwa akiipenda, hapo usiende tena dukani. Nyinyi mna bahati ya kuwa karibu na hospitali ya KCMC, ambako pia kipo chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa tiba, na ushauri wa huko hautolewi na mtu mwenye mzigo wa kuuza.

Peku nyumbani kwa bibi basi iendelee, kwenye sakafu na ua uliofagiliwa. Mipaka yake ni ya usafi zaidi kuliko ya umbo la mguu, kwani mnyoo wa safura huingia mwilini kupitia ngozi ya wayo unaokanyaga udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, funza hupenda vumbi la mazizini, na vigae vya chupa havibagui. Karibu na choo cha shimo, bandani kwa mifugo na njiani, avae ndala.

Mshauri, mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Kanuni za shule yetu zinataka viatu vyeusi vya ngozi. Asubuhi za Juni na Julai huku ni za baridi kali, na watoto wanafika na viatu vya plastiki vilivyokakamaa, wengine wakitembea kama wamefungwa vibao. Wazazi wachache wameanza kuleta raba nyeusi, nami nimeagizwa niwarudishe nyumbani. Kiafya, raba zina ubaya gani?
*Mwalimu, Iringa*

Hazina ubaya wowote, Mwalimu. Raba nyeusi iliyofungwa vizuri, yenye soli inayokunjika mbele na kisigino imara, inamtendea mtoto haki kuliko skuna ngumu. Unachokiona asubuhi kina sababu yake: plastiki nyingi za bei nafuu hukakamaa joto linaposhuka, hivyo kiatu ambacho mzazi alikijaribu dukani mchana wa Novemba kikamridhisha, Julai saa moja asubuhi kimekuwa kitu kingine. Wazazi wa nyanda za juu wangefanya vyema kukumbuka hilo wanaponunua, na kupendelea mpira au ngozi.

Kwenye kanuni, sipendi kukugombanisha na mwalimu mkuu. Ila unaweza kumwuliza kwa adabu kanuni ile inalinda nini. Kama ni unadhifu na usawa, basi maneno «viatu vyeusi, vya kufunika mguu, vyenye kisigino cha chini» yanatosha, na mzazi asiye na uwezo wa ngozi hatafukuziwa mtoto. Tena raba hiyohiyo inatumika kwenye kipindi cha michezo, jambo linalomwondolea mzazi gharama ya jozi ya pili.

Naongeza moja ambalo hukuliuliza lakini nadhani linakuchosha kila siku. Watoto wengi hujifunza kufunga kamba kati ya miaka mitano na sita, na wengine huchelewa zaidi. Darasa la awali lenye viatu vya kamba maana yake ni mwalimu mmoja kuinama mara arobaini kabla ya mapumziko, au watoto kukimbia na kamba zinazoburuta. Washauri wazazi wachague mkanda wa kunata, ule wanaouita velkro, au kifungo cha mkanda ambacho mtoto anaweza kukifungua mwenyewe. Viatu vya kutumbukiza mguu tu, visivyo na mkanda wala kamba, havishiki mguu, na ili visimtoke mtoto huvikamata kwa kukunja vidole siku nzima.

Mwanangu Mshauri, mjukuu wangu yuko Gredi ya Kwanza. Viatu vipya vya shule vya Toughees siwezi kumnunulia kila mara, na pale soko la Kongowea kuna mitumba mizuri ya watoto, mingine inaonekana haijavaliwa hata mwezi. Jirani ananiambia kiatu kilichovaliwa na mtoto mwingine kinapinda miguu. Nifanyeje?
*Bibi wa wajukuu saba, Mombasa*

Bibi, shikamoo. Jirani yako ana nusu ya ukweli. Kiatu kilichovaliwa sana huwa kimeshaumbika kwa mguu na mwendo wa mwenyewe, na mjukuu wako akikivaa anakuwa anatembelea mwendo wa mtu mwingine. Kilichovaliwa kidogo hakina dhara hilo, na kazi yako hapo Kongowea ni kutofautisha viwili hivi.

Viweke vyote viwili mezani au kwenye ubao bapa, uviangalie kwa nyuma kwa usawa wa macho. Kikiwa kimelala upande mmoja, au kisigino kimelika ndani au nje, kiache hata kama juu kinang'aa, kwani rangi ya viatu ni bei rahisi na muuzaji anaijua kazi yake. Kisha ingiza mkono ndani upapase. Ukikuta mashimo ya vidole yamechimbika kwenye soli ya ndani, au ukuta wa kisigino umelegea na kukunjamana kwa sababu mwenyewe alikuwa akiukanyaga, huyo mtoto wa kwanza alikwisha kukitumia chote. Linganisha pia namba za kushoto na kulia, maana katika marundo jozi huchanganywa.

Halafu kikunje mahali pale pa theluthi ya mbele, ukisikiliza na kutazama. Katika mitumba jaribio hili linakupa jibu la pili, kwani mikunjo ikifunguka nyufa, ngozi imekauka, na soli ikitoa unga au vipande, imekwisha. Kuna aina za sponji ambazo humomonyoka zenyewe kwa kukaa miaka mingi, hata kama kiatu hakikuwahi kuvaliwa, na hivyo ndivyo viatu vinavyoonekana vipya rundoni kisha vikaacha soli barabarani wiki ya kwanza. Bonyeza soli kwa ukucha: ikirudi, iko hai, na ikibaki na kovu au kumeguka, mwachie mwenye nayo.

Ukishavipata, toa soli za ndani na uzitupe, kwa kuwa ndizo zinazohifadhi jasho na fangasi za mguu uliotangulia. Futa ndani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, vianike mahali penye upepo hadi vikauke kabisa, na fundi yeyote wa viatu atakukatia soli mpya za ndani kwa fedha kidogo. Hayohayo yanahusu viatu vya kurithishana kaka kwa mdogo wake, ambavyo katika nyumba ya wajukuu saba najua havikosekani.

Mshauri, huku kwetu mvua haichagui msimu. Viatu vya mtoto vinarudi vimeloa karibu kila siku, navianika juu ya jiko la mkaa ili asubuhi viwe vikavu, lakini vimekuwa vigumu na vimepasuka mbele. Pia vinanuka. Je, ni viatu vibovu au ni mimi?
*Mama Gati, Bukoba*

Ni jiko, Mama Gati. Joto kali hukausha mafuta ya ngozi na kulegeza gundi, na kiatu kilichokuwa kikikunjika vizuri dukani kinageuka ubao ndani ya majuma machache. Vikirudi vimeloa, futa tope, legeza kamba, inua ulimi wa kiatu, toa soli ya ndani, kisha ujaze karatasi za gazeti ndani na uzibadilishe kabla ya kulala. Viweke mahali penye hewa, mbali na moto, na hata jua la mchana lisiviwakie moja kwa moja. Vya ngozi vipakwe rangi ya viatu mara moja kwa wiki vikiwa vikavu, ikifika kwenye mikunjo, kwa sababu hapo ndipo ngozi huanza kupasuka. Harufu inatokana na unyevu na bakteria, na itapungua akivaa soksi safi za pamba kila siku na miguu ikikaushwa katikati ya vidole. Ukiweza kupata jozi mbili za bei ya wastani zinazopokezana, zitadumu kuliko jozi moja ya bei kubwa isiyopata siku ya kukauka.

Na soli zikilika, uwe mwangalifu na fundi. Wengi, kwa nia njema ya kukupa kitu cha kudumu, hubandika kipande cha tairi chini ya kiatu kizima, nacho hakitakwisha kamwe na wala hakitakunjika. Mwombe aweke mpira mwembamba kisiginoni na kipande kidogo kwenye ncha, aache sehemu ya vidole vinapoanzia ilivyo, na kabla hujamlipa kikunje kiatu mbele yake.